Sauti Inatoka Kichupo Gani?

Barua nyingi za wiki hizi zinalalamikia jambo moja: kelele za kivinjari (programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kama Chrome, Edge au Firefox), na msongamano wa vichupo unaozificha. Kila barua hapa chini inafuatwa na jibu letu. Kichupo, kwa asiyelizoea neno hili, ni kile kipande cha juu ya kivinjari chenye jina la ukurasa uliofunguliwa. Mitaani wengi husema "tabu", na kwa barua tulizosoma, jina hilo halijakosea sana. Majina ya menyu tumeyaandika kwa Kiingereza kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana kompyuta nyingi za hapa mjini hazijabadilishwa lugha.

Shikamooni wataalamu. Nina steshenari Sinza. Kutwa nafungulia wateja kurasa za mikopo ya elimu ya juu, za ajira na za barua pepe. Ghafla tangazo linaanza kupayuka na sijui liko wapi. Naishia kuzima spika yote, na muziki niliowawekea wateja unakatika. Nifanyeje?

Marahaba. Usianze na spika. Tazama mstari wa vichupo kwanza: kila kinachotoa sauti huonyesha alama ndogo ya spika. Vikiwa sita au saba utaiona mara moja. Vikiwa arobaini vinabanana hadi majina yanapotea, na hapo macho hayasaidii. Kwenye Chrome na Edge bonyeza Ctrl+Shift+A. Itafunguka orodha ya vichupo vyote, hata vya madirisha mengine, na unaweza kuandika jina la ukurasa ukautafuta. Kwenye Chrome, vinavyotoa sauti vimewekwa sehemu yao peke yao ndani ya orodha hiyo. Chrome pia huweka alama ya noti ya muziki juu kulia, karibu na picha ya akaunti yako, kunapokuwa na kitu kinachocheza. Ibofye, utaona nani anapiga kelele, na unaweza kumsimamisha hapohapo bila kwenda kwenye kichupo chake.

Ukishakipata, vivinjari havifanani, na watu wengi hukwama kwa sababu wamezoea kimoja kisha wanakalia kingine.

Kwenye Firefox na Edge, bofya ile alama ya spika kwenye kichupo. Sauti inakatika, alama inapigwa mstari. Ukiwa ndani ya kichupo chenyewe, Ctrl+M hufanya kazi hiyohiyo. Kwenye Chrome kubofya alama hiyo hakuzimi kitu, kunakupeleka tu kwenye kichupo. Lazima ubofye kichupo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague "Mute site". Njia ya mkato ya kibodi haipo. Kwa mtu wa kaunta mwenye foleni, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kufikiria Edge au Firefox.

Vichupo vikiwa vitatu vinavyopiga kelele pamoja, shikilia Ctrl huku ukibofya kimoja baada ya kingine, halafu bofya kulia juu ya mojawapo. Amri ya kunyamazisha itavihusu vyote ulivyovichagua.

Muziki wako je? Kama unauchezea ndani ya kivinjari hichohicho, basi njia ya kupunguza sauti kupitia "Volume mixer" ya Windows haikufai, maana pale kivinjari huhesabiwa kama programu moja: ukikishusha, vichupo vyote vinanyamaza, wimbo nao ukiwemo. Cheza muziki kwa programu nyingine, au kwa kivinjari kingine kabisa. Kwa njia hiyo unaweza kukishusha kivinjari cha kazi hadi sifuri na redio ikaendelea. Lakini kumbuka kukipandisha, kwa sababu Windows huutunza uamuzi huo hata baada ya kuzima kompyuta, na kesho mteja atakapotaka kusikiliza video utaanza kulaumu waya za spika.

Tabata. Laptopu yangu inatoa sauti kila mahali isipokuwa tovuti moja ya video. Sauti ya mashine iko juu, ya kicheza video iko juu. Fundi ameniambia niweke Windows upya. Kweli?

Usimlipe bado. Tunadhani siku moja ulibofya "Mute site" ukasahau. Tangu toleo la 64, mwanzoni mwa 2018, Chrome hainyamazishi kichupo kimoja tena, bali tovuti nzima. Ukifunga kichupo, agizo linabaki. Ukizima kompyuta, linabaki. Ukifungua tovuti ileile katika vichupo vitano, vyote ni bubu.

Angalia kama spika iliyopigwa mstari imo kwenye kichupo. Bofya kulia, chagua "Unmute site". Isipoonekana, andika chrome://settings/content/sound kwenye sehemu ya anwani. Ukurasa huo una orodha ya tovuti ulizozizima. Bofya alama ya vidoti vitatu mbele ya jina la tovuti uliondoe. Na utazame juu ya ukurasa: kama imechaguliwa ile ya kuzuia tovuti zote kutoa sauti, ukimya wako utakuwa wa kila mahali.

Firefox ina tabia tofauti. Agizo ni la kichupo, si la tovuti. Kifunge, limekwisha. Lakini ukikinyamazisha kichupo kisha ukahamia tovuti nyingine ndani ya kichupo hichohicho, kinaendelea kuwa bubu, na hapo ndipo wa Firefox hulalamika.

Mimi ni mwalimu, Kigamboni. Kwenye kikao cha mtandaoni nilinyamazisha kichupo ili nizungumze na watoto nyumbani. Kumbe wajumbe wote walinisikia. Kivinjari kibovu?

Pole mwalimu. Kivinjari kilitii ulichokiambia. Kunyamazisha kichupo ni kuziba masikio yako wewe: sauti inayotoka kwenye ukurasa haifiki kwenye spika zako. Maikrofoni ni njia nyingine kabisa, inayotoka kwako kwenda kwao, na amri ile haiigusi. Kwa hiyo ulikuwa katika hali mbaya kuliko zote: wao wanakusikia, wewe huwasikii hata wakikwambia "mwalimu, zima maiki".

Zima maikrofoni ndani ya kikao chenyewe. Kwenye Google Meet ni Ctrl+D, na kamera ni Ctrl+E. Bonyeza ukiwa umekaa kwenye kichupo cha kikao. Ukiwa kichupo kingine, Ctrl+D itakuletea kidirisha cha kuhifadhi alamisho, yaani anwani ya ukurasa wa kurudia baadaye, na maiki itabaki wazi. Kichupo kinachotumia maikrofoni au kamera huwekewa alama yake, tofauti na spika. Kitupie jicho kabla ya kufungua mdomo.

Nikinyamazisha video, bando langu linapona? Natumia hotspoti ya simu. Mbagala.

Haliponi hata kidogo. Video inaendelea kushuka, ila husikii tu. Hesabu ni rahisi: chukua kasi ya video kwa kilobiti kwa sekunde, zidisha kwa 3600, gawanya kwa 8, utapata kilobaiti kwa saa. Video inayokwenda kwa kilobiti 1000 kwa sekunde inakula MB 450 kila saa, iwe na sauti au iwe bubu. Ya kilobiti 500 inakula MB 225. Ukiiacha kimya nyuma ya vichupo vingine kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, ya kwanza imekula zaidi ya GB 1.3.

Kinachookoa bando ni kusimamisha au kufunga. Ukisimamisha, kicheza video hupakua kipande cha mbele kidogo kisha hutulia. Kama unataka sauti tu, mawaidha au mahojiano kwa mfano, fanya kinyume cha ulichokuwa ukifanya: acha sauti, shusha picha. Kwenye YouTube bofya alama ya gurudumu, chagua ubora wa 144p. Zima pia swichi ya kucheza video inayofuata, iliyo chini ya kicheza video, la sivyo orodha itaendelea na wewe umelala.

Kuna mlaji mwingine ambaye hajulikani sana. Tangu Aprili 2018 Chrome huzuia tovuti nyingi kuanzisha video yenye sauti kabla hujagusa ukurasa. Wenye tovuti wakabuni njia: video inaanza yenyewe bila sauti, kwa kuwa iliyo kimya inaruhusiwa. Ndiyo maana kurasa za habari zina kijivideo kinachotembea kimyakimya pembeni. Hakikusumbui, kwa hiyo hukifungi, na bando linakwenda. Firefox ndiyo yenye dawa ya wazi zaidi: nenda "Settings", kisha "Privacy & Security", shuka hadi "Permissions", na kwenye mstari wa "Autoplay" bofya "Settings" uchague "Block Audio and Video". Ilivyowekwa kiwandani huzuia sauti peke yake.

Tukiwa kwenye hotspoti, jambo moja la nje ya vichupo: kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya Windows, washa "Metered connection" kwa mtandao huo wa simu. Haitazuia video zako, lakini itapunguza masasisho makubwa ya Windows ambayo mara nyingi hulaumiwa vichupo.

Habari za kazi. Nina laptopu ya RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 4, duka liko Kariakoo. Huwa na vichupo kama 60: bei za Guangzhou, benki, barua pepe, mizigo bandarini. Mashine inakwenda kama mkokoteni kwenye tope. Nikifunga naogopa kupoteza. Na juzi fomu niliyoijaza nusu saa ilijifuta.

Nzuri. Hapa kuna magonjwa mawili, tuyatenganishe.

Kwanza uzito. GB 4 ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na Windows 11, yaani mfumo wenyewe umeshachukua sehemu kubwa kabla hujafungua chochote. RAM ikijaa, Windows huhamishia vitu kwenye diski. Kama diski yako ni ile ya zamani inayozunguka, kila ukibadili kichupo unasubiri sahani izunguke. Huo ndio mkokoteni wako.

Usifunge kwa kubahatisha. Kwenye Chrome au Edge bonyeza Shift+Esc. Kitafunguka kidirisha kinachoonyesha kila kichupo na kumbukumbu kinayotumia. Bofya kichwa cha safu ya "Memory" ili wakubwa wapande juu. Kwenye Firefox andika about:processes. Utashangaa. Mara nyingi vichupo vitatu au vinne, vya barua pepe, ramani au mtandao wa kijamii, vinabeba kuliko ishirini vya orodha za bei. Hao ndio wa kufunga. Kitufe cha "End process" kipo, lakini kinaua bila kuhifadhi kilichoandikwa, kwa hiyo kitumie kwa kichupo kilichoganda tu. Utaona pia mistari ya viendelezi, yaani vijiprogramu vilivyoongezwa ndani ya kivinjari. Kiendelezi usichokitumia kinakula RAM bure, kiondoe.

Halafu washa usingizi wa vichupo. Kwenye Chrome ni "Settings", "Performance", "Memory Saver". Kwenye Edge ni "Settings", "System and performance", na unachagua muda wa kukaa bila kuguswa kabla kichupo hakijalala, hata dakika 5. Jina la kichupo linabaki pale juu, lakini kilichomo kimetolewa kwenye RAM. Gharama yake? Chrome ikishakitoa kichupo, ukikibofya kinapakuliwa upya, kwa hiyo RAM imepona na bando limeguswa kidogo. Kwa mwenye GB 4 bado ni biashara nzuri. Tovuti usizotaka zilale, kama ya kufuatilia mzigo, ziongeze kwenye orodha ya "Always keep these sites active". Vichupo vinavyotoa sauti au vilivyo kwenye kikao, na vile ulivyovibandika kwa "Pin", Chrome haivilazi.

Tunashauri usiongeze kiendelezi cha kulaza vichupo, ingawa viko vingi. Kilichokuwa maarufu kuliko vyote, The Great Suspender, kiliuzwa na mwenyewe mwaka 2020 kwa mtu asiyejulikana, na Februari 2021 Google wakakizima kwa kuwa na programu hasidi. Waliokitumia waliamka vichupo vyao havifunguki. Kazi hiyo sasa kivinjari chenyewe kinaiweza.

Kuhusu woga wa kupoteza: vichupo 60 si kumbukumbu, ni lundo. Vya bei za Guangzhou vichague vyote kwa Ctrl, bofya kulia, viingize kwenye kundi kwa "Add tabs to new group", lipe jina na rangi. Ukibofya jina la kundi linajikunja na mstari unapumua. Firefox nayo ina makundi tangu toleo la 138 la Aprili 2025. Lakini kundi lililokunjwa halijazimwa. Kilichomo bado kinaweza kula RAM, na kinaweza hata kupiga kelele. Usichokihitaji wiki hii kihifadhi: Ctrl+Shift+D huweka vichupo vyote vya dirisha kwenye folda moja ya alamisho. Ipe folda tarehe, kisha funga dirisha bila huruma.

Sasa fomu. Chrome hujaribu kutolaza kichupo chenye fomu iliyojazwa nusu, kwa hiyo usiharakishe kuulaumu usingizi. Mshukiwa mkubwa ni tovuti yenyewe: nyingi, hasa za benki na za serikali, hukutoa ukikaa kimya muda fulani, kwa usalama wako. Wewe unaandika, lakini upande wa seva hakuna kilichofika mpaka ubofye kutuma au kuhifadhi. Ukituma umeshatolewa, unarudishwa mlangoni mikono mitupu. Maelezo marefu yaandike kwenye Notepad kwanza, ndipo ubandike. Kama fomu ina kitufe cha "Save", kibofye kila baada ya ukurasa.

Mimi nina steshenari Mwenge, jirani na yule wa Sinza. Wateja wawili wakija pamoja, kila mmoja namfungulia dirisha lake la faragha, Incognito. Juzi wa pili akakuta akaunti ya wa kwanza iko wazi. Aibu!

Madirisha yote ya Incognito yaliyo wazi kwa wakati mmoja ni chumba kimoja chenye milango miwili. Yanatumia vidakuzi vilevile (vijifaili ambavyo tovuti hutumia kukumbuka nani ameingia), na vinafutwa pale tu la mwisho linapofungwa. Kwa wateja wawili wa pamoja, mmoja mpe Incognito ya Chrome, mwingine dirisha la faragha la Firefox. Au tengeneza profaili mbili kwenye Chrome kupitia picha ya akaunti juu kulia, na kila mteja akimaliza atoke kwenye akaunti yake kabla hajalipa.

Umeme ulikatika, UPS (betri ya akiba) imekufa, vichupo vyote vimekwenda. Vinarudi? Ubungo.

Vinarudi, kama hutajigonga. Ukifungua Chrome baada ya kuzimika ghafla kuna kibonyezo cha "Restore". Kibofye kabla ya kufanya kingine chochote. Kikipotea, bonyeza Ctrl+Shift+T, rudia. Kila mbonyezo hurudisha kilichofungwa mwisho, hata dirisha zima. Firefox ina "Restore previous session" ndani ya menyu ya "History". Usifungue na kufunga kivinjari mara tatu nne ukijaribu bahati, kwa sababu rekodi ya zamani hufunikwa na mpya. Vichupo vya Incognito havirudi kabisa.

Kwa siku zijazo, nenda "Settings", "On startup", chagua "Continue where you left off". Tahadhari moja: ukiwa na dirisha kubwa la vichupo thelathini na dogo la kimoja, usifunge kubwa kwanza. Kivinjari hukumbuka lililofungwa mwisho, na asubuhi utakuta lile dogo tu. Fungia kupitia menyu, "Exit", yote yatunzwe pamoja.

Nimefunga vichupo vyote lakini kompyuta bado inalia "ting" na matangazo ya bahati nasibu yanatokea pembeni. Ilala.

Hiyo si sauti ya kichupo, ni arifa. Kuna ukurasa ulikwambia ubofye "Allow" kuthibitisha kwamba wewe si roboti, ukabofya. Andika chrome://settings/content/notifications, kila jina usilolitambua kwenye orodha ya walioruhusiwa liondoe au lizuie. Kisha kwenye "Settings", "System", zima ile inayoruhusu Chrome kuendelea kufanya kazi ikiwa imefungwa. Ukurasa wa kweli wa kuthibitisha binadamu hauhitaji ruhusa ya arifa.

Kwenye simu yangu, pale penye idadi ya vichupo pametokea uso unaocheka. Virusi? Mbezi.

Si virusi. Chrome ya Android ikifika vichupo 100 huacha kuhesabu na kuweka :D. Simu haijalemewa kama unavyodhani, kwa sababu Android huvitoa vya zamani kwenye kumbukumbu yenyewe. Gusa uso huo, kisha vidoti vitatu, ufunge vyote. Sauti za tovuti kwenye simu zinadhibitiwa kwa vidoti vitatu, "Settings", "Site settings", "Sound".